Kuviringisha Ukingo wa Meza kwa Mashine

Mdogo wangu ana kovu juu ya jicho la kushoto. Alilipata katika shule ya watoto wadogo, jirani na kwetu Batsinda, siku alipojikwaa akagonga uso katika ukingo wa meza. Meza yenyewe haikuwa mbovu. Mbao zilikuwa nene na misumari imekaa sawasawa, lakini ukingo ulikuwa umeachwa mkali kama ulivyotoka katika msumeno. Basi likizo iliyopita mwalimu wa watoto wale alipata mbao za kutengeneza meza mpya 12, akaja nyumbani kumwuliza mama kama ni kweli kwamba mwanawe mkubwa hushinda katika karakana yenye mashine ya kompyuta. Mama akajibu, "Hushinda huko, Mwalimu, ila kama anajifunza au anatazama tu, mimi sijui."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ninayotaka kuwaeleza, maana nimeona wenzangu wengi hudhani kwamba mashine ya namna hii ikishawashwa, kazi imekwisha.

Kwa ninyi mliotutangulia hapa shuleni na hamjafika Kigali miaka hii, Batsinda ni mtaa wa sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Familia nyingi zilihamia huko toka Kiyovu mnamo mwaka 2008. Si mbali na kwetu, upande wa Gisozi, pana Agakiriro, yaani soko kubwa la maseremala na wachomeleaji, ambako mlio wa misumeno hausiti toka asubuhi hata jioni. Fundi wa karakana yetu, ambaye sote twamwita Mzee, alikuwa seremala wa randa na patasi miaka mingi kabla ya kuijua kompyuta. Karakana yake ni ndogo na ina mashine moja tu ya CNC.

Mashine ya CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na tarakimu. Fundi haishiki kwa mkono. Mota moja huizungusha biti, na mota nyingine huipeleka: kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mashine husoma mistari ya maagizo: nenda mahali hapa kwa mwendo huu, zunguka hivi, inuka, shuka. Haiuoni ubao. Ukiondoa ubao, itachonga hewa kwa bidii ileile. Njia yote inayopitiwa na biti, toka mwanzo hata mwisho, ndiyo tunayoiita njia ya kisu. Watu hudhani kazi kubwa ni kuchora umbo katika kompyuta. Sivyo. Umbo moja laweza kuchongwa kwa njia nyingi sana, na nyingi katika hizo zitakupa ubao mbaya, au zitakula siku nzima.

Kila meza ilitakiwa iwe na uso wa sentimita 60 kwa 45. Mbao zake za msonobari, baada ya kupigwa randa, zilikuwa na unene wa milimita 16. Pande tatu, yaani mbili za ubavuni na ya nyuma, mwalimu alitaka ziviringishwe kidogo tu. Lakini upande wa mbele, anapoketi mtoto na kuegemeza kifua, alitaka ulainike zaidi katikati. "Uwe kama sabuni iliyokwisha kutumika nusu," alisema. Tukayageuza maneno hayo kuwa vipimo: pande tatu ziwe na robo duara yenye nusu kipenyo cha milimita 6, na upande wa mbele uanze na milimita 6 pembeni, ukue taratibu mpaka milimita 12 katikati, kisha upungue tena mpaka 6. (Kwa aliyesahau hesabu, nusu kipenyo ni ule urefu toka katikati ya duara hata ukingoni mwake.) Mbao zilikuwa 13. Maana yake tuliruhusiwa kukosea mara moja.

Kwa zile pande tatu njia ni nyepesi. Zipo biti ambazo ubavu wake umenolewa tangu kiwandani kwa umbo la robo duara lenye bonde. Ukiipitisha mara moja kando ya ubao, ukingo watoka umeviringika. Yapasa tu kuitazama vizuri inavyosimama, kwa kuwa ikishuka zaidi kwa sehemu ya kumi ya milimita huacha kijidaraja chenye ukali juu ya uso wa meza, na ikiwa juu mno mviringo haukamiliki. Tena anza na pande za ubavuni, ambako nyuzi za mbao zinakatika, ndipo uende zile ambazo nyuzi zinalala sambamba na ukingo. Biti ikifika mwisho wa nyuzi zinazokatika hupenda kubandua kibanzi penye pembe. Ukipita upande wa pili baadaye, kibanzi kile huondoka pamoja na maranda. Ukifanya kinyume chake, kibanzi utabaki nacho.

Lakini biti ya namna hiyo ina umbo moja, nalo halibadiliki. Haiwezi kuchonga mviringo unaokua toka 6 mpaka 12. Upande wa mbele ulitaka biti ya kawaida ipite mara nyingi, kila mara mahali pengine kidogo, hata mviringo utokee. Hapo ndipo swali la njia lilipoanza kuwa gumu.

Programu ya kompyuta yetu ilinipa majina ya njia kadhaa, nami nikachagua ile iliyokuwa ya kwanza katika orodha. Njia hiyo hushuka kwa kina sawa. Biti hupita kando ya ukingo kwa kina cha milimita 1, kisha 2, kisha 3, na kila inaposhuka husogea nje kidogo kuufuata mviringo. Ni kama maji ya ziwa yanapopungua siku kwa siku na kuacha mistari katika jiwe. Nilitumia biti bapa, yaani ile ambayo chini yake ni sawa kama sarafu. Mashine ikafanya kazi yake bila kosa lolote, na nilipopuliza vumbi nikaona ngazi. Chini, penye ukuta, ukingo ulikuwa laini kabisa. Juu palikuwa na vipandio ambavyo hata mtu wa dirishani angeviona.

Wasomaji waliokulia vijijini wamekwisha kuliona jambo hili milimani. Tazama matuta ya mlima uliolimwa, tuseme kila tuta liko chini ya lenzake kwa mita moja. Penye mteremko mkali matuta huwa membamba, yamebanana. Penye mteremko mpole, karibu na kilele, tuta moja laweza kuwa pana kama uwanja wa mpira. Mviringo wa ukingo ni mlima wa namna hiyo: juu ni karibu tambarare, chini ni ukuta. Nilipofanya hesabu jioni ile (nilipaswa kuifanya asubuhi) niliona kwamba katika mviringo wa milimita 12, ukishuka milimita 1 kila mara, kipandio cha kwanza kina upana wa milimita 4.8, na cha mwisho kina upana wa sehemu 4 tu za mia za milimita. Mashine ilikuwa imetumia uangalifu wake chini, na juu, mahali mkono wa mtoto utakapolala, imeacha ngazi.

Nikadhani dawa ni njia ya pili katika orodha, inayochora mistari yenye nafasi sawa kwa mtu atazamaye toka juu, kama ndege. Kabla ya kuharibu ubao wa pili nikafanya hesabu kwanza. Hapo juu panakuwa pazuri, lakini mstari wa mwisho, unaosogea nje milimita 1 tu, huporomoka milimita 4.8 kwa mara moja. Ugonjwa ni uleule. Umehama tu toka kileleni kwenda bondeni.

Asubuhi nikamwonyesha Mzee ule ubao wa kwanza.

"Mzee," nikamwambia, "ubao huu nimeuharibu."

Akaugeuza mwangani. "Hujauharibu, kijana. Una mbao kuliko zinazotakiwa, haukupungukiwa. Niletee randa."

Ilikuwa kweli. Pembe za ndani za ngazi zangu zilikuwa zimegusa mviringo wenyewe bila kuupita. Kilichozidi ni zile pembe za nje. Mzee akaubana ubao katika jiriwa akaanza kazi kama inavyofanywa Gisozi kila siku. Kwanza aliishika randa kwa mshazari wa digrii 45, akakata ukingo mpaka ukawa na uso mmoja bapa. Uso huo ukaacha pembe mbili, moja juu na moja chini. Akazikata hizo mbili kwa mshazari wa kati. Zikabaki pembe nne ndogo, akazikata nazo. Kisha akachukua msasa. Katikati ya upande alikata zaidi, pembeni alikata kidogo, kwa kutazama tu na kupapasa kwa kidole gumba.

Baadaye nilizipiga hesabu zile pembe zake, nikastaajabu. Ukingo mkali umesimama juu ya mviringo wa milimita 12 kwa karibu milimita 5. Randa ikipita mara ya kwanza, pembe mbili zinazobaki zimesimama kwa milimita 1 tu. Zikikatwa hizo, zile nne zimesimama kwa karibu robo ya milimita. Zikikatwa nne, zile nane zimesimama kwa sehemu 6 za mia. Kila duru karibu robo tatu ya kosa huondoka, tena huondoka sawasawa juu, katikati na chini. Hakuna mahali palipopendelewa.

Nikaelewa. Randa ya Mzee haikugawa kina, wala haikugawa upana. Ilikuwa ikigawa pembe. Mtu anayetembea juu ya mviringo kwa hatua zilizo sawa hageuki zaidi juu kuliko chini. Basi mashine nayo yapasa iambiwe itembee hivyo. Nikaziacha njia zote za orodha isipokuwa ya mwisho, inayofuata uso wa kitu chenyewe kwa hatua sawa, nikaigawa robo duara, yaani digrii 90, katika hatua 30 za digrii 3 kila moja. Katika mviringo wa milimita 12 hatua moja ya digrii 3 ni milimita 0.63 juu ya uso wa ubao, iwe kileleni au ukutani.

Lakini hatua zikiwa sawa, bado biti bapa huacha vipandio, na vibaya zaidi ni vile vya katikati, penye digrii 45, ambako kipandio husimama kwa nusu ya hatua, yaani milimita 0.31. Kidole hutambua kwa urahisi jambo dogo kuliko hilo. Hapo ndipo ifaapo biti ya duara, ambayo ncha yake ni nusu ya mpira. Mpira ukipita kando ya mstari wake wa kwanza, kisha wa pili, kati ya mistari hubaki kilima chembamba, si kipandio. Kwa hatua ileile ya digrii 3, biti ya duara yenye kipenyo cha milimita 12 huacha vilima vya milimita 0.012, na ile ya kipenyo cha milimita 6 huacha vya 0.02. Tofauti kati ya 0.31 na 0.02 ndiyo tofauti kati ya kusugua msasa saa nzima na kusugua dakika mbili. Tena aliyesugua msasa saa nzima hujua kwamba mviringo aliouanza sio atakaoumaliza.

Kuna kanuni moja hapa ambayo ningependa wenzangu wa hesabu waikumbuke. Ukipunguza hatua iwe nusu, kilima hakipungui kuwa nusu, hupungua kuwa robo. Lakini muda wa mashine huongezeka mara mbili. Kwa hiyo mwanzoni kila dakika unayoongeza inakulipa sana, na baadaye inakulipa kidogo sana. Kwa digrii 1.5 vilima vya biti ndogo vingekuwa vya milimita 0.005. Katika chuma hiyo yaweza kuwa na maana. Katika msonobari, ambao nyuzi zake huvimba siku ya mvua kuliko hivyo, ni kujisumbua.

Mashine hizi zenyewe zilizaliwa kwa sababu ya mviringo. Katika miaka ya 1940, huko Michigan, Marekani, John T. Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo la panga lilitaka mstari uliopinda kwa usahihi mkubwa. Yeye na mhandisi Frank Stulen wakatumia mashine za kadi zilizotobolewa kukokotoa nukta 200 za mstari ule. Kisha mafundi wakaipeleka biti nukta kwa nukta, mmoja akisoma tarakimu na wengine wakizungusha mikono ya mashine, na vilima vilivyobaki kati ya nukta vikaondolewa kwa tupa. Mwaka 1949 Parsons alipata mkataba wa jeshi la anga la Marekani wa kutengeneza mashine itakayoongozwa na tarakimu yenyewe, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaionyesha mashine hiyo mbele ya watu. Vilima vilivyosumbua tupa zao na vilima vilivyonisumbua mimi ni vya ukoo mmoja.

Sasa nieleze kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Baada ya kuona hesabu ile, tamaa ilinishika nikachagua biti ya duara iliyo kubwa, ya kipenyo cha milimita 12, kwa kuwa vilima vyake ni vidogo zaidi. Karakana ilikuwa nayo moja tu. Nikafunga ubao juu ya ubao wa kafara, yaani ule wa chini unaowekwa ili biti isikwaruze meza ya mashine, nikawasha. Mistari ya juu ikaenda vizuri mno. Mistari ya katikati vilevile. Karibu na mwisho nikasikia mlio ambao sitausahau, na kipande cha biti kikapita karibu na dirisha. Biti ilikuwa imekutana na skrubu ya ubao wa kafara, ikakatika, na shina lililobaki likachimba jeraha katika ukingo wa meza kabla sijafikia kitufe cha kuizima.

Sikuwa nimefikiri biti ya duara hugusa ubao kwa sehemu gani ya mwili wake. Juu kabisa ya mviringo hugusa kwa ncha. Katikati hugusa kwa shavu. Chini, mviringo unapokuwa ukuta, hugusa kwa ubavu, na wakati huo ncha yake imekwisha kushuka chini zaidi ya pale inapochonga. Hushuka kiasi cha nusu kipenyo cha mviringo pamoja na nusu kipenyo cha biti. Kwangu ilikuwa 12 na 6, jumla milimita 18. Ubao wangu ulikuwa na unene wa 16. Kwa hiyo milimita 2 za ncha zilikuwa zikisafiri ndani ya ubao wa kafara, na skrubu ilikuwa inangoja njiani. Mashine haikukosea hata kidogo, ilikwenda nilikoiambia. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulijumlisha?" Nikasema sikujumlisha. Kila jioni ya likizo iliyobaki nilifagia maranda ya karakana nzima.

Tukaichukua biti ya duara ya milimita 6. Hapo 12 na 3 ni 15, na chini ya ncha kunabaki milimita 1 ya salama. Vilima vyake ni vikubwa kidogo kuliko vya ile iliyovunjika, nasi tukavikubali. Biti bapa haina shida hii ya kushuka zaidi, kwa hiyo tuliitumia ile kwanza, kuondoa mbao nyingi kwa hatua tisa za haraka na kuacha nusu ya milimita, ndipo biti ya duara ikapita kumalizia bila kubeba mzigo mzito.

Lilibaki swali la upande wa kwenda: mistari ipite kando ya ukingo kwa urefu wake, au ikate ukingo toka juu kwenda chini, kama mtu anayepanda na kushuka ukuta? Tulijaribu zote mbili katika kipande cha sentimita 10. Kwa upande wa mbele wa sentimita 60, kwenda kwa urefu ni mistari 30, jumla mita 18. Kwa mwendo wa milimita 1500 kwa dakika ni dakika 12. Kwenda juu na chini kwa nafasi ileile ni vipande zaidi ya 950. Ukitazama mita peke yake tofauti si kubwa. Lakini kila kipande kina kusimama na kugeuka, na mota ya juu na chini ya mashine yetu ni mzee kuliko mimi. Kisha kulikuwa na nyuzi. Nyuzi za upande wa mbele zinalala kwa urefu. Biti inayozikata kwa upana iliacha malaika kama ya shavu la mtoto, na kila tulipoyasugua yalilala, tulipoyalowesha yakasimama. Tukachagua kwenda kwa urefu.

Na kwa kuwa mviringo wetu unabadilika toka 6 mpaka 12, mistari ile 30 hukaribiana pembeni na kuachana katikati, kama nywele zilizochanwa. Penye milimita 6 nafasi yake ni 0.31 tu, yaani tunachonga kwa uangalifu usiohitajika. Rafiki yangu mmoja aliniambia ingefaa nusu ya mistari iishie njiani ili kuokoa muda. Nilijaribu. Kila mstari unapoishia juu ya uso, biti husita na kuinuka, na mahali hapo hubaki alama ndogo kama ukucha. Mistari isiyokatika toka mwanzo wa upande hata mwisho wake, ikiingilia na kutokea nje ya ubao, haiachi alama. Dakika chache zilizopotea pembeni ni bei ndogo kwa jambo hilo.

Jambo moja sikuweza kulitibu kwa njia yoyote. Biti ya duara huzunguka, lakini katikati ya ncha yake hapazunguki kwa mwendo wowote, kama vile katikati ya jiwe la kunolea. Kwa hiyo mistari ya juu kabisa, inayochongwa kwa ncha, haikatwi bali husuguliwa, nayo huacha manyoya kidogo. Niliuondoa mstari wa digrii sifuri, kwa kuwa uso wa meza ulikuwa laini tayari, nikaanza na digrii 3. Manyoya yaliyobaki tuliyamaliza kwa msasa mwembamba.

Mbao 11 zilitoka katika mashine kwa Jumamosi mbili. Ya kumi na mbili ni ile ya ngazi, iliyookolewa na randa. Mwalimu alizipitia zote kwa kiganja, upande wa mbele mmoja baada ya mwingine, naye hakuuliza ni ipi ya mkono. Mimi naijua: kushoto kidogo mwa katikati ina mahali palipo bapa kwa upana wa kidole, ambako Mzee aliitwa mlangoni na mteja.

Ule ubao wa kumi na tatu, wenye jeraha, niliomba nipewe. Sasa ni rafu katika bweni letu, juu ya kitanda changu, jeraha likielekea ukutani. Chini yake nimegongomea vipande vitatu vya majaribio: kimoja cha kina sawa, cha pili cha hatua sawa kwa biti bapa, cha tatu cha hatua sawa kwa biti ya duara. Anayetaka kujua 0.31 na 0.02 zina tofauti gani, aje wakati wowote baada ya masomo ya jioni, afumbe macho, apitishe kidole.